i7 yangu inashindwa na i5 ya mdogo wangu: hesabu ya kori nne

Swali: Mukubwa, mimi ninafanya video za ndoa hapa Kamalondo, Lubumbashi. Mwezi uliopita nilinunua laptopu ya mtumba yenye Core i7-6600U na RAM ya GB 8. Muuzaji aliniapia kwamba ni prosesa ya kori nne, akanifungulia hata dirisha la Windows nikaona vigrafu vinne kwa macho yangu. Mdogo wangu ana laptopu ya i5-8250U ambayo bei yake ilikuwa karibu sawa na yangu. Tukitoa video ileile (kuibana iwe faili la mwisho), yeye anamaliza mimi bado niko njiani. Je, nimeuziwa mashine mbovu? Tena kuna fundi anayesema anaweza kuitoa prosesa hii na kuniwekea ya kori nne ya kweli. Nimpe pesa?

Jibu:

Usimpe. Nalitanguliza hilo kwa sababu huenda noti umeshazihesabu. Sababu zake nitazifikia.

Mashine yako si mbovu, mdogo wangu. Ina kori mbili, basi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye ukurasa wa utendaji, kisha uguse CPU, yaani prosesa. Chini ya mchoro kuna mistari miwili ambayo muuzaji hakukuonyesha. Kwenye Windows ya Kifaransa mmoja umeandikwa «Cœurs», wa pili «Processeurs logiques». Kwako utasoma 2 na 4. Kwa mdogo wako utasoma 4 na 8. Vile vigrafu vinne ulivyoviona vinahesabu mstari wa pili.

Kiingereza kinaita kitu hiki kokwa, Kifaransa kinaita moyo; mimi nitasema kori kwa kuwa ndivyo ulivyoandika. Kori ni prosesa kamili ndani ya prosesa: ina sehemu yake ya kusoma amri, sehemu ya kukokotoa na akiba yake ndogo ya kumbukumbu. «Prosesa ya kimantiki» si kiungo cha ziada. Intel, waliotengeneza prosesa zenu zote mbili, wana ufundi wanaouita Hyper-Threading, ambao unaiwezesha kori moja kushika foleni mbili za amri. Foleni moja ikikwama kusubiri data kutoka RAM (kumbukumbu ya kazi), nyingine inapita. Ni mpishi mmoja mwenye sufuria mbili jikoni. Anaokoa muda, hasa kazi ikiwa na kusubiri kwingi, lakini mikono yake imebaki miwili. Kwa hiyo muuzaji alikuonyesha kitu cha kweli akakipa jina la uongo. Au yeye mwenyewe alidanganywa na aliyemuuzia. Nimekutana na wauzaji wengi wanaoamini kabisa kwamba i7 maana yake ni kori nne au zaidi.

Sasa swali lenyewe, ambalo naona limejificha nyuma ya maswali yako mawili: iweje prosesa yenye jina kubwa iwe na kori mbili, halafu ndogo yake iliyotoka miaka miwili baadaye, inayokula wati zilezile 15, iwe na nne? Ili kujibu lazima turudi nyuma kidogo, kwa sababu kuziweka kori nne kwenye kipande cha silikoni hakukuwa tatizo kwa muda mrefu. Tatizo lilikuwa joto.

Hadi mwaka 2004 watengenezaji walishindana kwa gigahezi (GHz), yaani mabilioni ya mapigo ya prosesa kwa sekunde. Mwaka huo Intel walifuta mradi wa Tejas uliotakiwa kuirithi Pentium 4, na miezi michache baadaye wakaachana na Pentium 4 ya GHz 4 waliyokuwa wameshaitangaza. Umeme unaoliwa na prosesa, kwa makadirio, ni volti zikizidishwa kwa volti, kisha kwa mwendo. Ukitaka mwendo zaidi lazima uongeze volti pia, hivyo kila hatua unailipia mara tatu. Lakini igeuze hesabu hiyo uone inavyokuwa rafiki. Punguza mwendo na volti kwa asilimia 15, na matumizi yanashuka hadi kama asilimia 61 ya yale ya mwanzo. Weka kori mbili za namna hiyo: zitakula asilimia 123, ila zikigawana kazi vizuri zitafanya asilimia 170. Hapo ndipo kori nyingi zilipopata sababu ya kuwepo. Hazikuja kwa sababu watu walizitamani. Zilikuja kwa sababu njia ya gigahezi ilikuwa imeshaungua.

Laptopu zilipata kori mbili mapema, kwa Core Duo ya Januari 2006, iliyotokana na Pentium M ambayo kikosi cha Intel cha Haifa, Israeli, kilikuwa kimeibuni mahususi kwa mashine za betri. Kompyuta za mezani zikapata nne Novemba mwaka huohuo: Core 2 Extreme QX6700, ambayo kwa kweli ilikuwa vipande viwili vya kori mbilimbili vilivyofungwa kwenye kifuko kimoja. Laptopu zikabaki zinasubiri. Wapo waliokosa subira: Clevo ya Taiwan ilitengeneza mashine inayoingiza prosesa ya mezani ndani ya kitu kilichoitwa laptopu, chenye uzito wa zaidi ya kilo 5. Hiyo unaibeba kama unavyobeba mfuko wa unga.

Kori nne zilizotengenezwa kwa ajili ya laptopu zilikuja Agosti 2008, Core 2 Extreme QX9300 ya GHz 2.53. Ilitakiwa kupozwa wati 45, wakati laptopu nzuri za siku hizo zilikuwa za wati 25 au 35. Na bado ilikuwa ndoa ya vipande viwili: kila jozi ya kori ilikuwa na akiba yake ya MB 6, na jozi moja ikitaka kuongea na nyingine ilibidi maneno yatoke nje kwanza, yapite kwenye njia kuu ya bodi, ndipo yarudi. Majirani wa ukuta mmoja wanaotumiana barua kupitia posta.

Lakini kwangu mimi mwaka unaohesabika ni 2009. Septemba ya mwaka huo Intel walitoa i7 za kwanza za laptopu zenye kori nne, familia ya Clarksfield: 720QM, 820QM na 920XM. Kori zote nne sasa zilikaa kwenye kipande kimoja na kugawana akiba moja. Ukitazama namba, 720QM inatia huruma: GHz 1.6. Wakati huo ungeweza kununua Core 2 Duo ya kori mbili yenye GHz 2.8. Programu inayotumia kori moja tu, na zamani nyingi zilikuwa hivyo, ingeenda polepole kwenye mashine ya gharama kubwa kuliko kwenye ya bei ya chini. Nani angenunua?

Dawa yao ni kitu ambacho wewe unakiishi kila siku nyumbani. Una disjonkta ndogo mlangoni, ile swichi ya usalama ya umeme. Ukiwasha pasi, jokofu na jiko kwa pamoja inaruka. Lakini ukizima pasi na jokofu, jiko linapata nafasi ya kuwaka kwa nguvu zote. Ndani ya 720QM waliweka swichi zinazoweza kukata kabisa umeme wa kori isiyo na kazi, pamoja na msimamizi mdogo anayepima joto na matumizi bila kupumzika. Msimamizi huyo peke yake alikuwa na transista (swichi ndogo sana za umeme) zipatazo milioni moja, karibu na za prosesa nzima ya 486 iliyotoka mwaka 1989. Kori tatu zikilala, mgao wao unapewa ya nne, nayo inapanda kutoka GHz 1.6 hadi 2.8. Waliuita Turbo Boost. Bila ufundi huo, kori nne kwenye laptopu zingebaki mapambo ya kwenye katalogi.

Nilikuwa nayo moja ya hizo, niliinunua mwaka 2010 kwa mtu aliyetoka nayo Johannesburg. Haikuwa na kadi ya picha ndani ya prosesa, kwa hiyo kadi ya pembeni ilikula umeme muda wote, hata nikiandika barua. Betri haikufika saa moja. Mwezi wa kumi, lile joto letu la kabla ya mvua, niliiweka juu ya vipande viwili vya mbao ili ipumue, na mke wangu akaniuliza kama ninaoka mkate. Hata hivyo, kutoa video ya saa moja kulishuka kutoka kazi ya usiku kucha hadi kazi ya jioni, na sikurudi tena kwenye kori mbili kwa hiari.

Mwaka 2011 mambo yalikaa sawa. Januari ilikuja i7-2630QM na ndugu zake, zilizotengenezwa kwa kipimo kidogo zaidi cha nanomita 32, picha zikiwa zimeingia kwenye kipande kilekile, pamoja na Quick Sync, sehemu maalumu ya kusimba video (kuibana iwe faili) ambayo nitairudia baadaye kwa sababu inakuhusu. AMD, wapinzani wa Intel, nao hawakulala: tangu 2010 walikuwa na Phenom II za laptopu zenye kori nne, na 2011 wakaleta A8-3500M ya wati 35 yenye picha nzuri, ingawa kori zake mojamoja zilikuwa dhaifu.

Halafu njia ikagawanyika, na hapo ndipo uliponaswa. Watu walitaka laptopu nyembamba. Intel wakazitengenezea prosesa za wati 17, baadaye 15, zenye herufi U mwishoni, nazo zote zilikuwa za kori mbili, iwe i3, iwe i5, iwe i7. Kori nne zikabaki kwenye mashine nene, kwa kawaida za wati 45, zenye QM, MQ au HQ mwishoni. Jina «i7» lilibandikwa pande zote mbili. Ndiyo maana i7-3520M ina kori mbili na i7-3610QM ya mwaka uleule 2012 ina nne. Kwa mashine za kabla ya katikati ya 2017, sahau i5 na i7. Tafuta herufi Q mwishoni. Hata i5 ina kori nne ikiwa ni i5-6300HQ.

Hali hiyo ilidumu miaka sita. Prosesa yako ni ya 2015: kori 2, GHz 2.6 ikipanda hadi 3.4, akiba ya MB 4, wati 15. Agosti 2017 ikatoka ya mdogo wako: kori 4, GHz 1.6 ikipanda hadi 3.4, akiba ya MB 6, wati 15. Umeona ujanja? Kilele ni kilekile. Kilichoshuka ni mwendo wa chini, ule unaohakikishwa kori zote zikifanya kazi ndani ya wati 15. Ni hesabu ileile ya volti niliyokupa juu: kori nyingi zinazotembea taratibu zinazalisha kuliko chache zinazokimbia. Hata kilele chenyewe ni cha muda. Laptopu nyingi zinairuhusu prosesa ivuke zile wati 15 kwa kama nusu dakika, chuma cha kupozea kikiwa bado baridi, kisha zinairudisha kwenye mstari.

Utaniuliza kwa nini hawakufanya hivyo mapema. Intel wenyewe watakuambia kuhusu ubora wa kiwanda cha nanomita 14, na kuna ukweli ndani yake. Lakini i5-8250U inatumia muundo uleule wa kori wa kizazi kilichoitangulia, ambacho U zake zilikuwa za kori mbili. Kilichobadilika sana mwaka ule ni jirani: Machi 2017 AMD walitoa Ryzen za mezani, na Oktoba wakafuata na Ryzen 5 2500U na Ryzen 7 2700U za laptopu, kori 4, wati 15. Mimi naamini kori zako mbili za ziada zilicheleweshwa na soko lisilo na mpinzani kuliko na fizikia. Sokoni hapa tunazijua hizo. Siku muuzaji wa pili wa unga akifungua duka ng'ambo ya barabara, mizani ya yule wa kwanza inapona.

Je, kori mara mbili ni kasi mara mbili? Gene Amdahl alishaionyesha hesabu yake mwaka 1967, kabla hata ya kompyuta ya mezani. Chukua sombe, majani ya muhogo. Tuseme kutwanga ni dakika 60 na kupika ni dakika 40, jumla 100. Ita wanawake wanne wenye vinu vinne: kutwanga kunakuwa dakika 15, lakini sufuria ni moja na moto ni mmoja, kwa hiyo mtakula baada ya dakika 55. Mikono mara nne, muda haujashuka hata nusu. Kutoa video ni kazi yenye kutwanga kwingi, ndiyo maana tofauti yenu mnaiona wazi. Kuandika kwenye Word, kufungua PDF, hata kusogeza vipande kwenye programu ya kuhariri ni sufuria. Huko i7 yako na i5 yake zitakaribiana.

Tahadhari moja kabla hujakimbilia sokoni kutafuta «quad core» iliyoandikwa kwenye stika. Kuna Celeron na Pentium zenye N mbele ya namba, kama N3540 au N4100, na AMD A4-5000. Ni kori nne kweli, hakuna uongo. Lakini ni kori ndogo zilizobuniwa kwa mashine za bei nafuu, wati 6, 7.5, au 15 kwa ile ya AMD, na kwa kazi yako hata hiyo i7-6600U inaziacha mbali. Vijana wanne wa darasa la tatu hawabebi jeneza. Kwa upande mwingine, siyo kila kitu cha kizazi cha 8 (namba zinazoanza na 8) kina nne: i3-8130U ilibaki na mbili.

Sasa fundi wako. Zamani alikuwa na haki. Laptopu nyingi za 2011 hadi 2013 zilikuwa na soketi: unalegeza skrubu moja, unatoa prosesa kama jino, unaweka nyingine. Mtu mwenye i5-3320M angeweza kuweka i7-3612QM ya wati 35 ileile, BIOS (programu inayoiwasha mashine) ikikubali, akapata kori nne kwa pesa kidogo. Nimefanya hivyo zaidi ya mara moja na ni kazi ya raha. Lakini prosesa za U zimelehemiwa moja kwa moja juu ya bodi kwa zaidi ya vidonge elfu moja vidogo vya lehemu, na tangu kizazi cha 5 Intel waliacha kabisa soketi kwenye laptopu. Hata mtu mwenye mashine ya kuziyeyusha akiitoa 6600U yako, bodi ile haikubuniwa kuipokea 8250U. Kuna U yenye kori nne ya kizazi cha 6 anayoweza kukuwekea? Haipo. Atakachokuwekea ni laptopu isiyowaka.

Fanya haya badala yake. Kwanza ifungue na uisafishe, au uniletee. Ndani utaona mrija bapa wa shaba unaotoka juu ya prosesa hadi kwenye mapezi karibu na feni. Mrija huo ni mtupu, una maji kidogo sana ndani: yanageuka mvuke upande wa prosesa, yanapoa kwenye mapezi, yanarudi. Kila nikiushika nakumbuka lile lundo la hapa Lubumbashi la mabaki ya kuyeyushia shaba na bomba lake la moshi. Sisi tunaishi pembeni ya kitu kinachozipoza laptopu za dunia nzima. Hata nyaya zilizo ndani ya prosesa ni za shaba, tangu IBM walipotangaza mwaka 1997 kwamba wanaacha alumini. Mwaka huohuo mkoa wetu ukaacha kuitwa Shaba. Turudi kwenye mapezi: vumbi letu jekundu la kiangazi linayaziba kama blanketi, na prosesa isiyopumua haifiki kwenye turbo yake. Piga hewa, badilisha grisi ya juu ya prosesa, na pengine utapata kasi uliyokuwa umeilipia tayari.

Pili, ile Quick Sync. Kwenye mipangilio ya kutoa video, programu nyingi za kuhariri zina chaguo la kusimba kwa vifaa badala ya kwa programu. Liwashe. Kazi inahamia kwenye ile sehemu maalumu, na kori zako mbili zinapumua. Ubora unashuka kidogo ukipunguza sana ukubwa wa faili. Kwa video itakayotazamwa kwenye simu za wajomba, hakuna atakayeona. Tatu, RAM: kama nafasi mbili zipo na moja iko wazi, kuongeza kijiti cha pili kunasaidia zaidi ya ndoto za kubadilisha prosesa.

Ukiamua kuuza na kununua nyingine, tafuta i5-8250U, 8350U au Ryzen 5 na 7 zenye U za 2018 na kuendelea. Kuna sababu nyingine ya kuanzia kizazi cha 8: ndipo Windows 11 inapoanza kukubali rasmi prosesa za Intel, na Microsoft walifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ukiona za 2022 kuja mbele zinazojisifu kwa kori kumi, kama i5-1235U, uliza ni zipi: mbili ni kubwa, nane ni ndogo.

Na siku ya kununua nenda na video yako kwenye flashi. Chomeka chaja, anza kuitoa, uache iende dakika kumi huku dirisha la CPU liko wazi. Dakika ya kwanza usiiangalie. Tazama mwendo uko wapi baada ya dakika ya tano, feni inaliaje, na usome wati zilizoandikwa kwenye chaja, kwa sababu laptopu za mtumba mara nyingi zinauzwa na chaja ya mashine nyingine, na ikiwa dhaifu mashine inajipunguza yenyewe bila kukuambia.